Mionzi kwa saratani ya gegedu kwenye mifupa ya uso: kazi kubwa iko kabla mashine haijawashwa

"Saratani hii haisikii mionzi." Wengi wenye kondrosakoma (saratani ya gegedu) ya taya au ya mifupa ya pua huambiwa hivyo mapema, na baadhi yao hawaulizi tena. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Uvimbe unaotengeneza gegedu hukua taratibu, seli zake hazigawanyiki kwa kasi, na ndani yake kuna gegedu tupu lisilopitiwa na mishipa ya damu, kwa hiyo oksijeni huwa haba. Seli za namna hiyo ni ngumu kuuawa kwa mionzi. Ukiupiga Gy 50, kiasi kinachotosha kwa baadhi ya saratani nyingine, unaweza kutulia kwa muda kisha ukaendelea kukua. Ukifikisha Gy 70 au zaidi, habari ni nyingine. (Gy ni kifupi cha grei, kipimo cha dozi ya mionzi. Utaikuta kwenye karatasi zako zote.)

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "mionzi inafanya kazi?" bali "tunaweza kufikisha dozi inayotakiwa bila kuharibu vilivyo jirani?" Na usoni majirani ni wengi: jicho, neva ya kuona, shina la ubongo, sikio la ndani, tezi za mate, meno. Karibu kila tunaloshauri hapa chini linatokana na ugomvi huo kati ya dozi kubwa na nafasi ndogo.

Anza na jina sahihi la ugonjwa

Kwenye mifupa ya uso, gegedu chini ya darubini ni jambo la kutiliwa shaka hata pale seli zinapoonekana za kiungwana. Uvimbe wa gegedu usio saratani ni adimu mno kwenye taya. Ukipata majibu yanayosema ni uvimbe wa kawaida wa gegedu kwenye taya la juu, usishangilie bado. Omba slaidi (vioo vyenye vipande vya uvimbe wako) zisomwe tena na mtaalamu wa patholojia anayeona saratani za mifupa mara kwa mara.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchanganya kondrosakoma na osteosakoma (saratani inayotengeneza mfupa) ya aina inayotengeneza pia gegedu. Osteosakoma hiyo hupenda taya, na kinyama kidogo kilichochukuliwa pembeni kinaweza kuonyesha gegedu tupu, huku ushahidi wa mfupa mchanga uliotengenezwa na seli za saratani ukiwa umebaki ndani ya uvimbe. Tofauti hiyo hubadilisha matibabu yote, maana osteosakoma kwa kawaida hufikiriwa pia dawa za kemo, ilhali kondrosakoma ya kawaida haisaidiwi sana na kemo. Kipimo cha jeni za IDH1 na IDH2 husaidia hapa: mabadiliko kwenye jeni hizo hupatikana katika sehemu kubwa ya kondrosakoma za kawaida, na yakionekana yanaelekeza huko. Yasipoonekana, hayajathibitisha chochote.

Uvimbe ukiwa sakafuni mwa fuvu, nyuma ya pua, kuna mwigaji wa pili: kodoma, saratani nyingine ya mifupa. Kwenye picha wanafanana kama pacha. Hutenganishwa kwa kupima protini iitwayo brakiuri, ambayo kodoma huwa nayo na kondrosakoma haina. Dozi inayohitajika kwa kodoma huwa kubwa zaidi na matokeo yake si mazuri kiasi hicho, kwa hiyo mpango wa mionzi usianze kuchorwa kabla jambo hili halijatatuliwa.

Halafu kuna kondrosakoma ya mesenkima, ambayo huwapata zaidi vijana na ambayo taya ni mojawapo ya mahali inapopapenda. Hii ni kali, ina seli ndogo za mviringo kandokando ya visiwa vya gegedu, na kwa kawaida hubeba muunganiko wa jeni HEY1 na NCOA2. Hii ndiyo aina ambayo kemo huwa sehemu halali ya mpango. Ripoti inayoandika tu "kondrosakoma" bila aina wala daraja (kiwango cha ukali wa seli) haijakamilika. Daraja la 1 na daraja la 3 ni kama magonjwa mawili tofauti.

Nani anahitaji mionzi, na nani haihitaji

Upasuaji ndio tiba ya kwanza. Uvimbe wa daraja la 1 uliotolewa wote, kingo za nyama iliyokatwa zikiwa safi, mara nyingi hauhitaji mionzi. Hufuatiliwa kwa picha. Kumpiga mionzi mtu wa namna hiyo "kwa usalama" ni kumwachia taya lenye matatizo ya maisha kwa faida ndogo.

Mionzi huingia pale kingo zilipobaki na saratani au zilipo karibu mno nayo, pale uvimbe ni wa daraja la juu, pale umerudi baada ya kukatwa, pale ni aina ya mesenkima, au pale hauwezi kutolewa wote bila kumharibia mtu macho au ubongo. Uvimbe wa sakafu ya fuvu huangukia kundi hilo la mwisho karibu kila mara.

Daktari wa upasuaji na daktari wa mionzi wazungumze kabla ya upasuaji, si baada yake. Sababu ni ya kivitendo. Daktari wa upasuaji anaweza kuutoa uvimbe mbali na neva ya kuona hata kama hawezi kuumaliza, na nafasi ya milimita chache aliyoifungua ndiyo itakayomruhusu mwenzake kupandisha dozi. Anaweza pia kuacha vibanio vidogo vya metali kuonyesha mahali palipobaki na shaka. Tena ataamua aina ya sahani na skrubu za kuunganishia mfupa, na metali hizo zitasumbua hesabu za mionzi baadaye.

Baada ya upasuaji, mionzi huanza jeraha likishafunga vizuri, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Jeraha lililo wazi au nyama iliyopandikizwa ambayo bado haijashika likipigwa mionzi, linaweza lisifunge kabisa.

Hesabu ya dozi

Kila kipindi hubeba Gy 1.8 au 2, siku 5 kwa wiki. Baada ya upasuaji ulioacha mabaki yasiyoonekana kwa macho, dozi ya jumla huwa kwenye Gy 60 hadi 66. Uvimbe unaoonekana bado, au usioweza kukatwa, unahitaji Gy 70 na kuendelea. Gy 70 kwa vipindi vya Gy 2 ni vipindi 35, yaani wiki 7 za kwenda na kurudi. Panga usafiri, kazi na mtu wa kukusindikiza kwa muda huo wote, kwa sababu wiki za mwisho ndizo utakazomhitaji zaidi.

Upande wa pili wa hesabu ni majirani. Neva ya kuona na makutano yake huzuiwa zisivuke takriban Gy 54 hadi 55. Shina la ubongo nalo huwekewa mpaka wa karibu Gy 54, ingawa uso wake wa nje unaweza kuruhusiwa kidogo zaidi. Uti wa mgongo, Gy 45 hadi 50. Sikio la ndani, wastani chini ya Gy 45. Tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, wastani chini ya Gy 26, la sivyo mate hukauka kwa muda mrefu. Tezi ya machozi hulindwa isivuke Gy 30. Lenzi ya jicho huharibika kwa dozi ndogo sana, chini hata ya Gy 10, lakini hapo tuna msimamo: lenzi ndiyo ya kwanza kutolewa sadaka. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena. Jicho lililokosa machozi kabisa huuma, hupata vidonda, na linaweza kupotea. Neva ya kuona ikifa, imekufa.

Sasa tazama uvimbe unaohitaji Gy 70 ukiwa milimita 4 kutoka kwenye neva isiyovumilia zaidi ya 55. Dozi inatakiwa ishuke Gy 15 ndani ya milimita 4. Mashine za leo zinaweza kuchora mteremko mkali namna hiyo, ila mteremko huo una maana tu kama kichwa chako kimelala palepale kila siku. Kikisogea milimita 3, neva imeingia kwenye moto, au ukingo wa uvimbe umetoka nje ya dozi.

Mara nyingine vyote viwili haviwezekani, na daktari hulazimika kupunguza dozi kwenye kona moja ya uvimbe ili kuokoa jicho. Huo ni uamuzi halali, lakini ni haki yako kuujua. Muulize: "Ni sehemu gani ya uvimbe inayopata dozi pungufu, na ni kwa sababu ya kiungo kipi?" Daktari aliyeukagua mpango wako vizuri atakuonyesha kona hiyo kwenye skrini. Na mipaka hii mingi ni ya kujadiliana. Kama jicho la upande ule tayari halioni, hakuna sababu ya kulilinda kwa gharama ya kuacha saratani.

Protoni, ioni za kaboni au eksirei

Mashine za kawaida hutumia eksirei zenye nguvu kubwa. Eksirei huingia, hupiga, na huendelea kutoka upande wa pili, zikiacha dozi njiani. Protoni ni chembe za atomu: husafiri hadi kina kilichopangwa, humwaga nguvu yake nyingi mwishoni, kisha husimama. Nyuma ya hapo karibu hakuna kitu. Faida yake kwa uso ni wazi: ubongo ulio nyuma ya uvimbe hupumzika. Protoni si "kali zaidi" kwa saratani, kama matangazo yanavyodai. Uwezo wake wa kuua seli huhesabiwa kuwa mara 1.1 tu ya eksirei. Kinachopatikana ni nafasi ya kupandisha dozi.

Kwa kondrosakoma za sakafu ya fuvu matokeo ni mazuri kweli. Taarifa iliyotolewa mwaka 1999 kutoka Massachusetts General Hospital, Boston, ilihusu wagonjwa 200 waliopata mionzi yenye protoni kwa dozi ya katikati (mediani) ya takriban Gy 72. Uvimbe ulidhibitiwa kwa asilimia 99 kufikia miaka 5 na asilimia 98 kufikia miaka 10. Namba hizo hunukuliwa kila mahali, na hunukuliwa vibaya. Zilitoka kwenye uvimbe wa sakafu ya fuvu, mwingi wake wa madaraja ya chini. Mtu mwenye uvimbe wa daraja la 3 kwenye taya la juu asizichukue kama zake.

Ioni za kaboni ni chembe nzito zaidi na huumiza seli kwa namna ambayo haitegemei sana oksijeni, jambo linaloendana na tabia ya gegedu. Vituo vyenye mashine hizo ni vichache duniani, vikiwemo vya Japani na Ujerumani. Huko Heidelberg mpango uliozoeleka umekuwa Gy 60 kwa vipindi 20. Usilinganishe 60 hiyo moja kwa moja na 70 ya eksirei. Imeshazidishwa kwa uzito wa kibayolojia (uwezo wa ioni hizo kuua seli ukilinganishwa na eksirei) na kila kipindi kina Gy 3.

Kama protoni hazifikiki, usikate tamaa wala usisubiri miezi huku uvimbe ukikua. Eksirei zilizochongwa kwa kompyuta, zikipigwa kutoka pembe nyingi, hufikisha Gy 66 hadi 70 kwenye taya nyingi bila shida. Protoni zina thamani kubwa zaidi pale uvimbe umegusa sakafu ya fuvu, umezunguka tundu la jicho, au mgonjwa ni mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Uvimbe wa ukingo wa chini wa taya la chini, mbali na jicho na ubongo, hauna cha kupata sana.

Protoni pia zina udhaifu wake, na uso ni mahali udhaifu huo unapojitokeza. Kina cha kusimama huhesabiwa kutokana na uzito wa kila kitu kilicho njiani. Uwazi wa pua uliokuwa na hewa siku ya kupigwa picha ya CT ukija kujaa kamasi wiki ya 3, protoni husimama mapema na sehemu ya nyuma ya uvimbe hukosa dozi. Kinyume chake ni hatari zaidi: uwazi uliokuwa umejaa ukasafishwa, protoni hupitiliza na kusimama ndani ya shina la ubongo. Ndiyo maana kituo makini hurudia CT kila wiki moja au mbili. Ukipata mafua makali yaliyoziba pua katikati ya matibabu, waambie wahudumu asubuhi hiyohiyo, kabla hujalala mezani. Watu hudhani ni jambo dogo la kumezea kidonge.

Meno, kabla ya yote

Kama kuna sehemu moja ya makala haya ya kuitekeleza leo, ni hii. Mfupa wa taya uliopigwa zaidi ya Gy 60 hupoteza mishipa yake midogo ya damu na haupati nyingine mpya. Utaishi nao vizuri miaka mingi mradi hujaujeruhi. Siku utakapong'oa jino kwenye mfupa huo, shimo linaweza lisifunge, mfupa ukabaki wazi, ukaoza, na hatimaye taya likavunjika lenyewe. Hatari hiyo haina tarehe ya kuisha.

Kwa hiyo daktari wa meno akuone mara tu mionzi inapotajwa, si wiki ya kuanza. Apige picha pana ya taya zote na apime kina cha mifuko ya fizi kila jino. Meno yaliyo ndani ya eneo la dozi kubwa yang'olewe sasa kama yameoza sana, kama yana mifuko ya milimita 6 au zaidi, kama ni mabaki ya mizizi, au kama ni magego ya mwisho yaliyotoka nusu. Jino zima lenye afya libaki. Kuna mtindo wa kung'oa yote ili kumaliza wasiwasi; hatuupendi, maana mgonjwa hubaki hawezi kutafuna wakati anapohitaji chakula kuliko wakati wowote.

Tangu kung'oa hadi mionzi ya kwanza zipite angalau siku 14, na 21 ni bora zaidi. Ncha kali za mfupa zilainishwe na fizi ishonwe ifunike.

Wakati huohuo daktari achukue nakala ya meno yako kwa ajili ya trei za floridi. Trei ni vifuniko vyembamba vya plastiki, kimoja juu na kimoja chini, na ukingo wake upite kidogo mstari wa fizi, kwa sababu jino lililokosa mate huoza shingoni, palepale linapokutana na fizi. Kila usiku baada ya kupiga mswaki, tia uzi mwembamba wa jeli ya floridi ya sodiamu ya asilimia 1.1, iliyo ya kati, isiyo na asidi, vaa trei dakika 5 hadi 10, tema, usisukutue, na usile wala kunywa kwa nusu saa. Jeli ikifurika ukaimeza, umetia nyingi. Vidonda vikizidi, pumzika siku kadhaa kisha rudi. Hii si ya wiki 7. Ni ya maisha, kama mate hayajarudi.

Mjazo wa metali kwenye meno nao una kesi yake. Kwenye CT hurusha miale myeupe na myeusi inayofunika tishu jirani, na mpangaji hawezi kuona mpaka wa uvimbe. Kwa protoni ni mbaya maradufu, kwa kuwa hesabu ya kina inatokana na picha hiyohiyo. Mjazo ulio karibu na uvimbe ukiweza kubadilishwa kuwa wa rangi ya jino kabla ya CT, ubadilishwe. Na ukishapigwa CT ya mpango, usibadilishe chochote kinywani bila kuwaambia.

Barakoa

Siku ya kupanga utatengenezewa barakoa. Ni karatasi ya plastiki yenye matundu, ngumu kama sahani, inayotumbukizwa kwenye maji ya moto mpaka ilainike kama kitambaa kilicholowa. Huvutwa juu ya uso wako ikiwa na joto linalovumilika, wahudumu huibonyeza kwenye daraja la pua, paji na kidevu, kisha hukaa kama dakika 10 ikipoa na kukaza. Utahisi inabana kadiri inavyopoa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unapumua kupitia matundu.

Mambo yanayoharibu barakoa ni ya kawaida kabisa. Ndevu: nyoa kabla ya siku hiyo na uendelee kunyoa, kwani ndevu za wiki mbili huinua plastiki kidevuni. Nywele: usisuke mtindo mpya baadaye, kwa sababu fundo nyuma ya kichwa hubadilisha pembe ya shingo. Uvimbe wa upasuaji: kama uso bado umevimba, barakoa italegea ndani ya wiki 3, na ni bora kusubiri siku chache kuliko kuitengeneza mara mbili. Ukisikia imeanza kupwaya, sema. Ukisikia inakukwaruza mahali papya, sema pia, huenda umelazwa vibaya.

Uliza kuhusu kizibo cha mdomoni. Ni kipande unachong'ata wakati wa mionzi, na kazi yake ni kutenganisha ulimi na kaakaa. Uvimbe ukiwa taya la juu, kizibo husukuma ulimi chini nje ya njia. Ukiwa taya la chini, huinua kaakaa na mashavu. Kinachukua dakika chache kutengeneza na huokoa nusu ya kinywa. Anayeogopa kufungiwa uso aseme mapema; barakoa inaweza kukatwa matundu ya macho, au apewe dawa ndogo ya kutuliza.

Siku hiyo hupigwa CT ya vipande vya milimita 1 hadi 2, nayo hulazwa juu ya MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. CT huonyesha chokaa ya gegedu, vijiduara na vipinde, na mfupa uliolika. MRI huonyesha gegedu lenyewe, ambalo hung'aa sana kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI. MRI ya miezi 3 iliyopita haitoshi kwa kazi hii. Baada ya hapo hutaitwa kwa wiki moja au mbili. Ndio muda wa kuchora mipaka na kukagua mpango.

Wiki zenyewe

Wiki ya 1 wengi hudhani maonyo yalitiwa chumvi nyingi, maana hakuna kinachouma. Wiki ya 2 hadi ya 3 ladha hupotea, kinywa hukauka, na ngozi huwa nyekundu. Vidonda vya kinywani hufika kilele wiki ya 5 hadi ya 7, na huendelea kuuma wiki 2 hadi 4 baada ya kipindi cha mwisho. Siku 10 za kwanza baada ya kumaliza mara nyingi ni mbaya kuliko wiki ya mwisho.

Sukutua tangu siku ya kwanza: kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha magadi ya kuokea, ndani ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tengeneza mapya kila siku. Sukutua kila saa 2 hadi 4 ukiwa macho. Dawa za kusukutulia zenye alkoholi ziweke mbali. Vidonda vikipata utando mweupe unaofutika, au maumivu yakipanda ghafla, huenda ni fangasi. Hiyo hutibiwa siku hiyo, haisubiri miadi. Dawa ya maumivu inywe kwa saa, nusu saa kabla ya kula.

Pua ikiwa kwenye njia ya mionzi, hujaa magaga makavu. Isafishe mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, na maji hayo lazima yawe yamechemshwa. Maji ghafi ya bomba hayafai kuingizwa puani. Ukiwa kwenye protoni, safisha kwa ratiba ileile kila siku ili pua iwe na hali moja unapolala mezani.

Jipime uzito kila wiki. Lengo ni takriban kilokalori 30 hadi 35 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu kilokalori 1,800 hadi 2,100. Ukipungua asilimia 5, hilo ni jambo la mionzi, si la lishe tu, kwa kuwa mashavu yamekwisha na barakoa haishiki tena. Mrija wa kulishia uliowekwa mapema ni afadhali kuliko mpango kuchorwa upya katikati.

Uvutaji sigara huchelewesha vidonda kupona na huongeza hatari ya mfupa kufa. Vidonge vya dozi kubwa za vitamini A, C au E viache hadi umalize, isipokuwa daktari wa mionzi amekuandikia mwenyewe.

Taya linalokaza

Misuli ya kutafuna ikipigwa mionzi hugeuka makovu, na makovu hujikunja kwa miezi mingi baada ya matibabu. Mtu humaliza akifungua mdomo vizuri, mwaka unaofuata kijiko hakipiti. Kipimo cha nyumbani ni vidole 3 vilivyosimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikishindwa kuingia, au rula ikionyesha chini ya milimita 35, taya limeanza kukaza.

Mazoezi yaanze kabla ya mionzi. Fungua mdomo hadi uhisi mvuto, shikilia sekunde 30, rudia mara 5, na ufanye hivyo mara 5 kwa siku. Ukitumia vijiti bapa vya mbao vya daktari, vipange kimoja juu ya kingine, uingize kati ya magego, ongeza kijiti 1 kadiri inavyowezekana. Andika idadi kwenye kalenda. Idadi ikishuka kwa vijiti viwili ndani ya wiki, mwone mtaalamu wa viungo. Kovu changa hunyooshwa, kovu la miaka 2 halinyooshwi kirahisi. Kama taya lilikatwa na kuunganishwa kwa sahani, daktari wa upasuaji ndiye wa kusema lini uanze.

Picha za baadaye

MRI ya kwanza hupigwa kama miezi 3 baada ya kipindi cha mwisho, na majibu yake huwatia watu huzuni isiyo na sababu: "uvimbe bado upo." Gegedu halina njia ya kuyeyuka. Seli zikiwa zimekufa, gegedu lililozizunguka hubaki palepale kama nyumba iliyohamwa. Uvimbe usiokua, mwaka hadi mwaka, ndio mafanikio yenyewe. Picha hiyo ya miezi 3 ni ya kulinganishia zijazo. Zote zifuate mpangilio uleule wa mashine, la sivyo tofauti ya milimita 2 haina maana.

Baadaye picha huja kila miezi 4 hadi 6 kwa miaka michache ya mwanzo, kisha kila mwaka, na zisikome miaka 5 ikitimia. Uvimbe huu unaweza kurudi baada ya miaka 10. Wenye daraja la juu hupigwa pia CT ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiyo njia yake ya kawaida ya kusambaa. Kama sakafu ya fuvu ilipigwa, homoni za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, zipimwe kila mwaka. Uchovu usioisha na baridi isiyoelezeka hudhaniwa ni uzee kumbe ni tezi. Usikivu upimwe kabla ya kuanza, ili miaka 3 baadaye kuwe na kitu cha kulinganisha.

Mfupa ukionekana mdomoni, hata kama hauumi, mwone daktari ndani ya siku chache. Usiukwaruze, wala usiruhusu mtu aung'oe kama jino. Hatua za mwanzo hutulizwa kwa usafi, antibiotiki, na mara nyingine pentoksifilini (dawa ya kusaidia mzunguko wa damu) pamoja na vitamini E, vyote kwa maagizo.

Kabla ya kuondoka kituoni siku ya mwisho, omba karatasi 2: muhtasari wa matibabu wenye dozi ya jumla, idadi ya vipindi na aina ya mionzi, na picha ya ramani ya dozi ikionyesha meno gani yako ndani ya Gy 50 na Gy 60. Zipige picha zikae kwenye simu. Daktari wa meno atakayekuona miaka 8 ijayo hatakuwa na faili lako, ataona gego linalouma na atachukua koleo. Mwonyeshe ramani kwanza. Gego lililo nje ya mistari hiyo aling'oe tu. Lililo ndani, atafute kutibu mzizi wake na kulikata usawa wa fizi, mzizi ubaki mfupani.